Mwalimu, kabla ya bei ya gari ya stima, niambie italala wapi

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu wa huku Thika Road mwenye matatu mbili za abiria 33. Nimelifupisha kidogo: "Mwanangu, mwenyekiti wa sacco anatusukuma tununue basi za stima, anasema dizeli itatumaliza. Dere wangu naye anasema betri hufa baada ya miaka mitatu nibaki na sanduku la chuma. Gari moja nimemaliza mkopo, nyingine bado. Niuze ile ya zamani nichukue ya stima? Na kama kweli ni rahisi kuendesha, mbona hazijajaa tao?"

Shikamoo Mwalimu. Hilo swali lako la mwisho ndilo linajibu yale mengine yote, lakini wacha nianze na la dere maana najua ndilo linakunyima usingizi.

Mimi ni fundi wa stima, kazi yangu ya miaka hii ni kufunga chaja na kupanga umeme wa yadi za mabasi, kwa hivyo hizi gari nimelala nazo, nasema nimelala nazo kweli, usiku mzima kwa koti la baridi nikingoja zijae. Na betri kufa miaka mitatu sijaona. Dere wako anafikiria simu, na simu ni mfano mbaya. Betri nyingi za mabasi haya ya Kichina ni zile za chuma na fosfati, sio kama ya simu, zinavumilia kujazwa na kumalizwa mara 3,000 na zaidi kabla hazijashuka mpaka asilimia 80 ya nguvu ya mwanzo. Sasa piga hesabu vile ulikuwa unatufundisha: gari yako ikifanya kilomita 180 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, mwaka ni kama kilomita 56,000. Betri ya kilomita 200 kwa chaji ukiizidisha mara 3,000 ni kilomita 600,000. Hata ukikata theluthi moja kwa sababu ya barabara zetu na madere wetu bado unaongea miaka saba. Na ikifika hiyo asilimia 80 haijafa, imechoka tu, ile gari iliyokuwa inaenda 200 sasa inaenda 160, unaihamisha route fupi. Tena Nairobi hii ya baridi ya kadiri betri inaipenda, joto ndio hula betri, na hapa hatuna joto la Mombasa.

Kwa hivyo betri usiiogope. Mimi nikiulizwa gari ya stima ni nzuri ama mbaya huwa sijibu, nauliza inalala wapi.

Unajua vizuri gari yako ya sasa inalala wapi. Inalala kwa petroli stesheni karibu na kwa dere, mnalipa soja pesa kidogo, saa kumi na nusu asubuhi dere anatembea dakika tano anaiwasha anaenda steji. Dizeli inauzwa kila kona, dakika kumi umejaza, kwa hivyo gari inaweza kulala popote. Ya stima haiwezi. Lazima ilale mahali kuna chaja, na chaja lazima iwe mahali kuna transfoma ya kutosha, na hiyo transfoma sio ile unaona imeninginia kwa mlingoti hapo mtaani kwenu. Hiyo ya mtaani mara nyingi ni ya kVA 200 au 315, yaani inabeba chini kidogo ya kilowati hizo, na juu yake tayari kuna nyumba, kinyozi, mashine ya kusaga unga na mtu wa kuchomelea mageti.

Tuseme sacco yenu inanunua gari 20. Kila moja ikirudi usiku inahitaji kama yuniti 140, hapo nimechukulia gari ya saizi yenu inakula karibu yuniti 0.7 kwa kilomita, kilomita 180, halafu ukaongeza kama asilimia kumi inayopotea njiani kwa chaja. Gari ishirini ni yuniti 2,800. Mkichomeka zote pamoja saa tano usiku kwa chaja za kilowati 60, mnavuta kilowati 1,200 kwa mpigo, hiyo ni kama kiwanda. Mkiwa na programu ya kugawa, hii inajazwa kwanza kwa sababu inatoka saa kumi, hii ingoje kwa sababu inatoka saa moja, mnatandaza ule mzigo kwa masaa sita na unashuka mpaka kama kilowati 470. Umeona tofauti? Gari ni zilezile na betri ni zilezile, mpango tu umepunguza mzigo zaidi ya nusu. Lakini hata hiyo 470 bado inashinda transfoma ya mtaani, kwa hivyo lazima mvute laini ya volti 11,000 mpaka kwa yadi, mnunue transfoma yenu, mlipie mita, na hapo ndio watu hukwama. Kuna yadi moja nilifanya, sitaitaja, gari zilifika zikakaa miezi minne zimepangwa vizuri kama viatu msikitini, chaja ziko ukutani, na stima haijafika. Mwenye gari analipa riba ya gari inayokaliwa na njiwa. Makosa yalikuwa yetu wenyewe, tuliagiza gari kabla ya kuomba laini, wakati ilipaswa kuanza na laini.

Halafu kuna hii ya bei ya stima ambayo wenyeviti wengi huisoma nusu. Mwaka 2023 ilitangazwa bei maalum ya magari ya umeme, shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo zingine. Ni bei tamu sana na iko na sababu, visima vya mvuke kule Olkaria havilali, usiku watu wamezima taa na mvuke mwingine unaachiliwa tu hewani, kwa hivyo gari ikichaji saa nane ya usiku inakunywa kitu kilikuwa kinamwagwa. Lakini hiyo bei vile ilitangazwa ilikuja na kikomo cha yuniti 15,000 kwa mwezi. Gari yako moja inakula 140 mara 26, yaani 3,640. Gari nne zimekula karibu kikomo chote, ya tano mko nje. Sacco ya gari ishirini inakula zaidi ya 72,000. Kwa hivyo mwenyekiti akiwaonyesha karatasi yenye shilingi nane, muulize kwa heshima: hiyo nane ni ya yadi nzima ama ni ya gari nne za kwanza? Na kama mtanunua chaji kwa mwenye yadi badala ya kuwa na mita yenu, yeye anawauzia ngapi?

Sasa pesa. Gari yako ya dizeli ikienda kilomita 4 na nusu kwa lita, kilomita 180 ni lita 40, na tuchukulie dizeli ni 165, umetumia 6,600 kwa siku. Stima, yuniti 140 kwa bei ya usiku ni 1,120, ukichaji mchana 2,240, ongeza kodi. Ukiangalia hapo tu unaona mwenyekiti ana haki, ni zaidi ya nusu imebaki mfukoni. Na bado sijahesabu oili, filta, nozo, klachi. Brekipedi zinadumu kwa sababu gari inapunguza mwendo kwa kurudisha stima kwa betri, ule mteremko wenye dizeli inachoma breki hii inavuna. Matairi ndio yanaisha haraka kidogo kuliko ulivyozoea, gari ni nzito na madere wakishaonja vile inaondoka steji hawawezi kujizuia.

Lakini hiyo ni pesa ya kuendesha. Pesa ya kununua ni habari nyingine, kwa sababu betri ndio kitu ghali zaidi ndani ya hiyo gari, ukinunua gari na betri yake pamoja unaweza kulipa maradufu ya dizeli. Ndio maana kampuni zilikuja na akili ya kutenganisha gari na betri. BasiGo walipoanza hapa Nairobi 2022 kwa gari ya abiria 25 ya BYD, kampuni ya Kichina, mwenye gari alikuwa analipa kama milioni 5, bei inayokaribiana na ya dizeli, halafu shilingi 20 kwa kila kilomita, ndani yake kuna betri, chaji na sevisi. Siku hizi kuna gari zao zinaunganishwa hapo Thika kwa kiwanda cha KVM, unapita nje ya geti ukienda kwako. Roam nao wana basi zao, kubwa na ya saizi ya kati. Masharti hubadilika, kwa hivyo usitumie hiyo ishirini kama bei ya leo, itumie kuelewa mfumo. Kilomita 180 mara 20 ni 3,600, toa kwa 6,600 umebaki na 3,000 kwa siku, kama 78,000 kwa mwezi. Sio mbaya hata kidogo.

Swali la kuuliza hapo ni moja na ni la mwalimu wa hesabu: siku gari haitembei, nalipa? Mikataba ya kulipa kwa kilomita inaweza kuwa na kilomita za chini kabisa za mwezi. Gari ikigongwa taa na mlango ikalala yadi wiki tatu, bado unadaiwa zile kilomita za chini na benki haikungoji. Na nakwambia kwa yale nimeona, kinacholaza hizi gari sana sio betri wala mota, ni vitu vidogo vya bodi. Kioo cha mbele. Mlango. Taa ya nyuma. Kwa Isuzu yako ukivunja kioo asubuhi, mchana uko Grogan kwa wauza spea, jioni gari iko barabarani na kioo kingine ambacho hujauliza kilitoka wapi. Kwa hii unaweza kungoja meli.

Kitu kingine benki hawakuambii vizuri ni kwamba hawajui hiyo gari itauzwa ngapi ikizeeka. Isuzu ya miaka minane ina soko, itaenda kubeba wanafunzi, itaenda ushago, ina bei na kila mtu anaijua. Ya stima ya miaka minane nani atanunua, na betri iko asilimia ngapi, na huko ushago itachajiwa na nini? Kwa sababu hawajui, wanajilinda, wanakupa mkopo wa miaka michache na riba ya juu, wakati gari yenyewe inajilipa polepole kwa miaka mingi. Mkopo mfupi kwa gari ya maisha marefu, hapo ndio yale makato ya kila mwezi yanameza zile 78,000 zote na mwenye gari anasema stima ni uongo. Ukipata mkopo wa miaka mitano au sita hesabu inabadilika kabisa. Ukipata wa mitatu, achana nayo.

Sasa mbona hazijajaa tao. Mwalimu, angalia walikofanikiwa. Shenzhen kule China walibadilisha mabasi yao yote, zaidi ya 16,000, kufikia mwisho wa 2017. Watu husikia hivyo wanasema basi tuige. Lakini Shenzhen mabasi yalikuwa ya kampuni chache kubwa zenye yadi zao, na serikali ikamwaga ruzuku, na viwanda vya BYD viko palepale mjini. Santiago kule Chile ndio mfano mimi napenda zaidi, kwa sababu hawana pesa za China. Kampuni ya umeme, Enel, ndio ilinunua mabasi ya kwanza na chaja zake, ikamkodishia mwenye kuendesha, na malipo ya kila mwezi yanapitia kwa mfumo wa serikali wa usafiri, kwa hivyo aliyetoa pesa halali akiwaza. Dakar walipoanzisha mwendokasi wao 2024 waliweka basi 121 za stima kwa laini moja ya kilomita 18 hivi, njia yao peke yao, depo yao, ratiba yao. Unaona wote hao wanachofanana? Kuna mtu mmoja mkubwa anayejua kila gari inalala wapi na inaamka saa ngapi.

Sisi tuna nini? Tuna akina Mwalimu elfu kadhaa, kila mmoja na gari moja ama mbili, sacco ni jina na rangi na mtu wa kuongea na NTSA, wale wasimamizi wa usafiri, lakini gari ni yako, dere ni wako, usiku ni wako. Gari za sacco moja zinalala sehemu kumi na tano. Ukitaka kuzichaji lazima kwanza uzifundishe kulala pamoja, na hiyo ni siasa ya watu, stima inakuja baadaye. Dere anapeleka gari yadi saa tano usiku, haya, yeye sasa anaendaje kwake? Hilo swali dogo nimeona likiua mradi wa sacco moja mzuri kabisa, madere waligoma kimyakimya, gari zikawa zinafika yadi saa saba ya usiku, chaji nusu, asubuhi lawama ni kwa betri. Dawa ilikuwa gari moja ya kuwapeleka nyumbani. Sacco walikataa kuilipia. Nilishangaa sana.

Na kuna mchana. Hii ya kusema basi inaenda kilomita 200 ama 250 ni sawa, lakini dere wa Nairobi hafuati kilomita, anafuata abiria. Siku ya mvua jioni nauli imepanda, hakuna dere ataenda kuchaji saa kumi na moja hata ukimwita na polisi. Kuna siku nilipigiwa simu gari iko Githurai na asilimia nne, imejaa watu, dere aliruka chaji ya mchana kwa sababu foleni ya steji ilikuwa inasonga haraka. Cha kushangaza wala jam yenyewe haikuwa shida, gari ya stima kwa jam hainywi karibu chochote ikisimama, inakunywa taa na redio. Shida ilikuwa trip mbili za ziada. Kwa hivyo ile chaji ya saa nne mpaka saa nane mchana, wakati abiria ni wachache na gari zimelala steji zikingoja zamu, hiyo ndio ya kulindwa na sheria ya sacco. Na lazima chaja iwe karibu na steji, sio mbali mpaka dere aone anapoteza trip kwenda na kurudi. Ploti karibu na tao unajua bei yake.

Redio nimeitaja, wacha niseme na hili. Najua gari zako sio zile nganya za Rongai, lakini vijana watataka kuweka spika na taa za kila rangi. Spika zenyewe hazili stima nyingi ukilinganisha na mota, hapo hawana makosa. Makosa ni yule fundi anayepasua waya yoyote anayoikuta. Ndani ya hiyo gari kuna nyaya za rangi ya machungwa, hizo zina mamia ya volti na zinaua, sio kama betri ya lori ambayo inakutisha tu. Waya ya machungwa ikiguswa na fundi wa nje, waranti imeenda, na labda fundi pia.

Stima kupotea, najua ulitaka kuniuliza. Agosti 2023 nchi karibu nzima ilizima usiku mmoja mpaka uwanja wa ndege, kwa hivyo sitakudanganya haitatokea. Lakini stima ikipotea saa nane usiku gari zikiwa zimejaa nusu, bado trip za asubuhi zinatoka, mnachaji mchana. Kinachoumiza zaidi ni zile za kupotea kidogokidogo kila wiki kwa laini moja mbovu. Kabla hamjachukua ploti, nendeni mkaulize wenye posho mill na welding wa hapo karibu, watawaambia ukweli kuliko ripoti yoyote. Kuna mtu aliniambia wataweka jenereta ya dizeli ya kuchajia. Nilimwomba aende nyumbani akalale kwanza.

Na waulizeni pia maji ya mvua hupita wapi. Dar es Salaam depo ya mwendokasi iliwekwa Jangwani, bonde la mto Msimbazi, ikawa kila masika maji yanaingia mpaka kwa mabasi, na hayo yalikuwa ya dizeli. Mkiweka transfoma na chaja mahali pa namna hiyo mnajitakia msiba. Aprili 2024 sote tuliona Nairobi maji yalifika wapi, kwa hivyo picha za ile ploti za mwezi huo lazima ziko kwa simu ya mtu.

Sasa wewe, Mwalimu. Usiuze bado. Ile gari uliyomaliza mkopo ndio inakulisha, na logbook yake ni safi, hiyo ndio nguvu yako ukienda benki, ukiiuza leo umebaki na gari moja yenye deni na ahadi ya nyingine. Nenda kwa mwenyekiti umwombe vitu vitatu kwa maandishi: ploti ya kulala gari ni ya nani na mmeikodi miaka mingapi, barua ya Kenya Power kwamba laini ya hapo inaweza kubeba kilowati mnazotaka na lini, na mkataba wa kilomita ukurasa wote hata maandishi madogo. Ploti ikiwa ya kukodi mwaka mmoja mmoja, kataa, hakuna mtu anachimba transfoma kwa ardhi ya mtu. Akikwambia barua iko njiani, mwambie na wewe pesa yako iko njiani.

Zikipatikana zote tatu, basi chukua moja, na uiweke kwa ile route yenu ndefu ya kutoka mapema, sio ile fupi ya steji nyingi, kwa sababu hizi gari zinalipa kwa kutembea, ikisimama haikupi kitu. Ile ya zamani endelea nayo miezi sita ya kwanza hata kama itakuwa inakula dizeli, siku ya stima ikilala yadi ikingoja kioo ndio itakuletea unga. Na dere, usimpe yule anayesema betri itakufa miaka mitatu. Ama mpe yeye hasa, lakini umwambie kila siku akupigie picha ya asilimia akianza kazi na akimaliza. Nitumie hizo picha za mwezi wa kwanza, nitakwambia kama ni gari ama ni yeye.